Mashine Haina Masikio

Ndugu msomaji, bila shaka umepata kumsikia mtu akisema kwamba siku hizi muziki hauhitaji tena mtu. Watu wasema: bonyeza kitufe, kinanda kitapiga ngoma, kitapiga zeze, kitapiga na tarumbeta, wewe ukae ukisinzia. Wengine hufurahi kwa neno hilo, maana kazi imekuwa nyepesi. Wengine, hasa wazee, huhuzunika na kusema kwamba umeme umeua muziki. Leo nataka kukueleza habari za watu waliolifikiri sana jambo hili kabla yetu, tena walilifikiri kwa mikono yao. Ni watunzi na wapiga piano walioiweka sauti ya umeme kando ya piano, mbele ya watu, ili waone litatokea nini. Ninayo sababu yangu ya kufuata habari zao, nawe utaijua hapo mbele.

Kwanza tuelewane juu ya piano. Kinanda kile cha zamani cha kanisani, kinachokanyagwa kwa miguu, huimba kwa upepo. Ukiendelea kukanyaga, sauti huendelea. Piano si hivyo. Ndani yake mna nyuzi za chuma zilizokazwa sana, na kila kibao unachokibonyeza huirusha nyundo ndogo iliyovikwa kitambaa kizito cha sufu. Nyundo hugonga uzi, kisha hurudi mahali pake. Tangu hapo mpigaji hana amri ya kuikuza sauti ile. Yaanza kufa papo hapo. Kwa kukanyaga pedali aweza kuiacha idumu kidogo, lakini hawezi kuiongezea nguvu. Piano yafanana na kengele: ukishagonga, umegonga.

Sauti ya umeme ni kinyume chake. Haitoki katika kugonga wala katika kupuliza. Ndani ya mtambo mkondo wa umeme hutikisika mara nyingi kwa sekunde moja, na kipaza sauti huugeuza mtikiso ule kuwa sauti. Ukitikisika mara 440 kwa sekunde, utasikia ile noti ambayo wanamuziki wengi wa dunia huitumia kupatanisha vyombo vyao. Sauti hiyo haichoki wala haipungukiwi pumzi. Ukiiacha leo jioni, kesho asubuhi utaikuta ingali ikilia. Tena yaweza kupanda na kushuka bila ngazi, kama mbu anayezunguka sikioni usiku.

Basi hapa tuna vyombo viwili: kimoja hufa kila kinapopigwa, kingine hakijui kufa. Kuviunganisha ni kama kumfunga nira ng'ombe pamoja na punda. Hata hivyo walikuwako watu waliojaribu.

Mmoja wao ni Maurice Martenot wa Ufaransa. Bwana huyu alikuwa mpiga selo, yaani fidla kubwa ishikwayo katikati ya magoti. Katika vita kuu ya kwanza alifanya kazi ya simu za upepo, akasikia jinsi mitambo ile ilivyopiga miluzi. Wengine walisikia kelele. Yeye alisikia wimbo. Mwaka 1928 alikionyesha Paris chombo chake cha umeme, nacho kimeitwa kwa jina lake mpaka leo: mawimbi ya Martenot. Mkono wa kuume hucheza juu ya vibao kama vya piano, au huvuta pete iliyofungwa katika uzi, na sauti huteleza juu na chini. Lakini shika hasa habari ya mkono wa kushoto. Kidole chake hukaa juu ya kibonyezo kimoja kidogo, na kibonyezo hicho ndicho kitoacho sauti. Ukikibonyeza polepole, chombo hunong'ona. Ukikibonyeza sana, hulia kwa nguvu. Usipokibonyeza, hata mkono wa kuume ufanye maajabu gani, chombo ni kimya kama jiwe. Bwana Martenot alijua alilolifanya. Umeme haujui kupumua, basi aliupa pumzi ya mtu kwa njia ya kidole kimoja.

Mtunzi aliyekipa chombo hicho heshima kubwa ni Olivier Messiaen. Jina lake lisikutishe, kwa kuwa alikuwa mtu wa kanisani kama wewe. Tangu mwaka 1931 hata alipofariki mwaka 1992 alikuwa mpiga kinanda wa kanisa la Utatu Mtakatifu huko Paris. Mwezi wa Aprili mwaka 1945 ulipigwa hapo Paris muziki wake wa kumsifu Mungu aliye pamoja na viumbe vyake. Walikuwako wanawake waimbaji, vyombo vya nyuzi, piano, na mawimbi ya Martenot. Wako waliopenda sana, na wako waandishi wa magazeti waliokasirika mno. Ugomvi ukaenda mbele muda mrefu. Bwana Messiaen hakuacha. Mwaka 1949, mjini Boston katika Marekani, ilipigwa simfonia yake kubwa, Turangalîla, yenye sehemu 10. Piano ilipigwa na Yvonne Loriod, ambaye baadaye aliolewa na mtunzi. Chombo cha umeme kilipigwa na Ginette Martenot, dada yake yule aliyekibuni. Wanawake wawili, mmoja na nyuzi za chuma, mwingine na umeme, na okestra nzima nyuma yao. Mashine haikumfukuza mtu pale. Ilimwongezea kazi, maana alitakiwa kujifunza chombo ambacho mamaye hakukijua.

Lakini katika miaka hiyo kulikuwa na jambo la pili, na hili ndilo lililoleta maswali makubwa. Watu walipata uwezo wa kunasa sauti na kuigeuza. Usidhani ni habari za Ulaya tu. Mwaka 1944 mjini Cairo, kijana mmoja Mmisri, Halim El-Dabh, aliazima chombo kinachonasa sauti juu ya waya mwembamba, akaenda nacho mahali ambapo wanawake walikuwa wakicheza ngoma ya zaar, ngoma ya kutibu. Alizipeleka sauti zile katika chumba cha redio chenye mwangwi, akazigeuzageuza mpaka maneno yakapotea na pakabaki mvumo tu. Kazi hiyo yahesabiwa kuwa miongoni mwa za kwanza kabisa ulimwenguni za aina hii. Bwana huyo baadaye alikaa Marekani, akafariki huko mwaka 2017, mwenye umri wa miaka 96.

Sasa twende Ujerumani, katika mji wa Cologne, ambako redio ilikuwa na chumba cha mitambo kwa kazi hii. Alikuwako mtunzi kijana jina lake Karlheinz Stockhausen. Wewe wazikumbuka habari za vijana watatu waliotupwa katika tanuru na mfalme Nebukadneza, wakaimba katikati ya moto, nao moto usiwaunguze. Ziko katika kitabu cha nabii Danieli. Bwana Stockhausen alichukua maneno ya wimbo ule, akayanasa kwa sauti ya mtoto wa kiume wa miaka 12, akaikatakata sauti ile na kuichanganya na sauti za umeme. Mara wasikia neno wazi la sifa, mara laingia katika mvumo na kupotea kama mtu aliyeingia nyuma ya ndimi za moto. Mwezi wa Mei mwaka 1956 watu waliitwa kuja kusikiliza. Walipoketi, walikuta jukwaani hakuna mwimbaji wala mpigaji. Palikuwa na vipaza sauti tu.

Mpwa wangu anayesoma mjini ndiye aliyenifungulia muziki huo katika simu yake. Sitakudanganya, ndugu msomaji: mara ya kwanza niliona kama redio iliyokosa mawimbi. Mara ya tatu niliogopa kidogo, kwa kuwa nilimsikia mtoto yule peke yake katikati ya kitu kikubwa. Nilijiuliza: walioketi siku ile wakivitazama vipaza sauti, walimpigia nani makofi?

Miaka minne baadaye, mwaka 1960, Bwana Stockhausen aliwaweka watu jukwaani. Kazi hiyo inaitwa Kontakte, yaani mahali pa kugusana. Mna utepe wenye sauti za umeme, mna mpiga piano, na mna mpigaji wa ngoma, matoazi na vyombo vya miti. Siku ya kwanza mpiga piano alikuwa David Tudor wa Marekani, na mwenziwe alikuwa Christoph Caskel wa Ujerumani. Muziki huu huchukua dakika 35 hivi.

Mtambo mmoja wa kazi ile ningependa uufahamu. Bwana Stockhausen alifanya meza inayozunguka, akaweka kipaza sauti juu yake, na maikrofoni nne pande zote. Alipoizungusha meza, sauti ilipita mbele ya kila maikrofoni kwa zamu. Hivyo watu walioketi kati ya vipaza sauti vya pande nne waliisikia sauti ikiwazunguka kama ndege aliyeingia nyumbani akitafuta dirisha.

Tena liko jambo ambalo hata mtoto wa kijijini aweza kulijaribu. Funga kipande cha karatasi ngumu katika baiskeli, kiguse spoki za gurudumu. Zungusha polepole: utasikia ta, ta, ta, kama ngoma. Zungusha upesi sana: zile ta hazihesabiki tena, zimekuwa sauti moja inayovuma, na kadiri unavyozidisha mwendo, ndivyo sauti inavyopanda. Katika Kontakte pana mahali ambapo jambo hili hufanyika kwa kurudi nyuma. Sauti moja ya umeme hushuka, hushuka tena, mpaka inavunjika kuwa mapigo mamoja mamoja. Hapo waelewa kwamba ngoma na wimbo ni watoto wa tumbo moja, hupitana mwendo tu. Mimi niliyepiga vinanda tangu ujana sikupata kuambiwa neno hilo na mwalimu yeyote.

Lakini sasa tazama shida. Utepe ule ukishaanza, haungoji. Mpiga piano akipiga chafya, utepe waenda. Karatasi yake ikishikamana, utepe waenda. Mwenziwe akichelewa kushika fimbo ya ngoma, utepe waenda. Mashine yaweza kutoa sauti elfu, lakini masikio haina hata moja. Kwa hiyo katika kitabu cha muziki ule sauti za utepe zimechorwa juu ya noti za wapigaji, nao huzifuata kwa macho na kwa masikio, wakijipanga kuzikuta mahali penyewe. Kazi yote ya kusikiliza imewaangukia watu. Mashine haiwezi kumlaki mtu, basi mtu ndiye amwendee mashine.

Hapo ndipo nilipokumbuka mambo ya kwetu, na hii ndiyo ile sababu yangu.

Marehemu kaka yangu alipiga kinanda cha kigango chetu kwa miaka 31. Kilikuwa kinanda cha kukanyaga, na mikanyagio yake ililia kwi, kwi, hata watoto walikuwa wakiigiza mlio huo njiani. Mwaka mmoja kabla hajafa, kijana mmoja alikuja jioni na redio yake ya kaseti, akamnasa kaka akipiga nyimbo 14, yeye peke yake, bila waimbaji. Tulipomzika, hapakuwa na mtu wa kushika mahali pake. Mimi mwenyewe nilikuwa nimehamia mbali kwa kazi, nikawa napata kuja mara chache. Basi mzee mmoja wa kigango akasema: “Sauti yake tunayo. Ya nini kutafuta mwingine? Tuiweke kaseti katika kipaza sauti, tuimbe.” Watu waliona ni shauri jema, hata mimi nililipenda, kwa kuwa nilitamani kumsikia.

Jumapili ile nilikuwapo. Kaseti ilianza, na watu wengi walitokwa na machozi. Ubeti wa kwanza ukaenda vizuri. Lakini kwetu wako bibi wazee wanaopenda kulivuta neno la mwisho la kila mstari, kama mtu asiyetaka kuagana na mgeni. Kaka aliwajua. Alikuwa akiwangojea, ameinamisha kichwa, vidole vimekaa juu ya vibao, mpaka bibi wa mwisho amemaliza, ndipo alipoendelea. Jioni ile aliponaswa hapakuwa na bibi yeyote wa kungojea. Basi kaseti haikungoja. Ilipofika ubeti wa tatu waimbaji walikuwa wamebaki nyuma mstari mzima. Bibi wale wakanyamaza mmoja mmoja. Mwisho kinanda cha marehemu kililia peke yake, nasi tukakisikiliza tukiwa tumesimama. Katika kanisa lile lililojaa watu, nilijua kwa mara ya kwanza kwamba kaka yangu amekufa.

Sasa turudi Ujerumani. Bwana Stockhausen hakukaa katika njia moja. Mwaka 1970, katika mji mdogo wa Donaueschingen, ilipigwa kazi yake mpya iitwayo Mantra. Humo wapiga piano ni wawili, na siku ya kwanza walikuwa ndugu wawili wa baba na mama mmoja, Aloys na Alfons Kontarsky. Safari hii mashine haikutangulia. Maikrofoni huisikiliza kila piano, na sauti yake hupelekwa katika mtambo unaoikutanisha na sauti ya umeme ambayo mpigaji mwenyewe huiongoza kwa kidude. Mtambo huo hufanya hesabu mbili tu: hujumlisha na kutoa. Piano ikipiga noti ya mitikiso 440, na umeme ukiwa 220, watoka mtikiso wa 660 na mtikiso wa 220. Hapo sauti zapatana. Lakini mpigaji akizungusha kidude cha umeme kidogo tu, hesabu huharibika, na piano hulia kama kengele iliyopasuka au chungu kilichogongwa. Kwa muda wa saa moja na zaidi ndugu wale wawili wapiga noti, wazungusha vidude, wasikilizana, wajibizana.

Wapiga piano wakiinua mikono, mtambo hauna kitu cha kujumlisha wala cha kutoa. Sifuri ni sifuri. Hunyamaza pamoja nao. Waona tofauti? Katika kazi ile ya kwanza mtu alimfuata mashine. Katika hii mashine yamfuata mtu kama kivuli, na kivuli hakitembei mwenyewe amekaa.

Nisingetaka udhani kwamba njia ya kwanza ni mbaya na ya pili ni njema. Mambo si mepesi hivyo, na mtu aliyenifundisha hayo ni Mwitalia.

Luigi Nono alizaliwa Venice mwaka 1924. Mji huo umejengwa juu ya maji, na sauti za kengele za makanisa yake husafiri juu ya maji hayo, zikagonga kuta na kurudi, zikafika sikioni zimechoka na kulainika. Nyumbani kwake, katika kisiwa cha Giudecca, alizisikia kengele hizo mchana na usiku, kwa jua na kwa ukungu. Rafiki yake mkubwa alikuwa Maurizio Pollini, mpiga piano mashuhuri. Katika miaka ile kifo kilibisha hodi katika nyumba ya mmoja na ya mwingine pia. Basi mwaka 1976 Bwana Nono alimtungia rafiki yake muziki wa piano na utepe, akauita kwa maneno ya Kitaliano yenye maana ya mawimbi matulivu yaliyopitia mateso. Ulipigwa mara ya kwanza Milan mwaka 1977.

Sauti zilizo katika utepe huo si za mitambo. Ni za Pollini mwenyewe. Walimnasa akipiga piano, wakanasa hata mshindo wa pedali na mgongo wa vidole vikigusa vibao, yale ambayo watu wengine wangeyafuta. Kisha, mbele ya watu, Pollini aliketi akapiga piano pamoja na utepe wake mwenyewe. Mara yule wa utepe yu karibu, mara yu mbali kama kengele ng'ambo ya maji. Huwezi kujua wakati wote ni nani anayepiga, aliye hai au aliyenaswa. Muziki wote ni kama dakika 14, hauna makelele, na ukiisha mtu hataki kusema neno.

Pollini amefariki mwaka 2024. Bwana Nono alikuwa ametangulia mwaka 1990. Utepe umebaki. Sasa mpiga piano yeyote, awe kijana wa miaka 20, akitaka kuupiga muziki huo, huketi na kupiga pamoja na marehemu. Marehemu hamngoji. Ni juu ya kijana kumsikiliza, na akimsikiliza vizuri, yale mawili huwa kitu kimoja.

Nilipoyajua hayo, nilielewa jambo lililokuwa limekwisha kutokea kigangoni kwetu. Baada ya Jumapili ile kaseti haikutupwa. Binti mmoja wa kwaya, wakati huo alikuwa na miaka 15, aliiomba. Kila jioni aliketi kinandani, kaseti ikilia karibu yake, akatafuta kwa vidole yale aliyoyasikia. Kwanza alipata sauti ya juu tu, kwa mkono mmoja. Baadaye aliongeza mkono wa kushoto. Siku moja aliniambia neno ambalo silisahau: “Baba mdogo, mimi sifuati noti zake sana. Nafuata mikanyagio.” Maana katika kaseti ile kwi, kwi ya kinanda yasikika wazi. Kwa mlio huo alijua ni wapi kaka alipojaza upepo, ni wapi alipopunguza, ni wapi alipokuwa akijiandaa kwa neno kubwa. Kumbe alikuwa akijifunza pumzi zake.

Ilimchukua miezi minane. Siku alipopiga katika ibada kwa mara ya kwanza, kaseti ilibaki nyumbani. Alikosea mara nyingi, nasi tulimsikia. Lakini bibi wale walipolivuta neno la mwisho, binti aliinamisha kichwa akangoja. Hilo hakulipata katika kaseti, kwa kuwa halimo. Alilipata kwa kuwa alikuwa amezoea kusikiliza.

Basi, ndugu msomaji, mimi si wa wale wasemao kwamba umeme umeua muziki. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Umeme umewapa watu sauti ambazo wazee wetu hawakuzisikia, umetuonyesha kwamba ngoma na wimbo ni ndugu, na umehifadhi mikono ya watu ambao udongo umekwisha kuwafunika. Lakini mgeni akija, mwenyeji hahami nyumba. Watu hawa niliokueleza, Wafaransa na Wajerumani na Waitalia, walikuwa na mitambo ya fedha nyingi, nao hawakumwondoa mtu kitini pake. Walimwacha mpiga piano aketi pale, atoke jasho mbele ya watu, ili pawe na mtu mmoja angalau wa kusikiliza.

Siku hizi kinanda cha umeme kimefika hata vijijini. Kama kwenu kipo, nakupa shauri dogo. Mara moja kwa juma, wakati wa mazoezi, kizimeni kile kitufe kinachopiga ngoma chenyewe. Mwiteni mpiga ngoma wenu, awe mzee au mtoto, aketi karibu na mwenye kinanda, watazamane. Mtaona kwamba mwanzoni watagongana. Vumilieni. Na kama mna kaseti ya mtu aliyewatangulia, au sauti yake iko katika simu ya mtoto wenu, msiiache ikae tu mpaka ipotee, wala msiiweke mahali pake aliyekufa. Mpeni kijana mmoja, aketi nayo jioni, ajifunze pumzi. Kisha akija kupiga mbele yenu, imbeni kwa mwendo wenu wa kila siku, hata kama mwavuta maneno. Yeye ana masikio, atawangojea.